Gari Lililopimwa kwa Mbuzi

Mume wangu alipima gari lake kwa mbuzi. Aliazima mizani ya kuning'iniza, ile yenye ndoano ambayo duka moja la Msomali pale Lodwar lilitumia kupimia ngozi, na kila kipande alichokifungua kwenye pijo yake kuukuu alikitundika hapo kwanza kabla ya kukiweka kando. Mizani ilikuwa na namba za kilo, lakini kilo hazikumwambia kitu. Mlango wa mbele ulipoinuka aliutazama ukining'inia, akauzungusha kidogo kwa kidole, akasema, "Hii ni mbuzi moja. Dume, ile imekula ikashiba." Kioo cha nyuma kilikuwa mwana-mbuzi. Kiti kirefu cha abiria, pamoja na springi zake na vumbi la miaka yote ambayo gari lile lilikuwa teksi, kilikuwa mbuzi mzima na kichwa cha mwingine.

"Hicho kichwa cha mwingine utamwuzia nani?" nilimwuliza.

"Wewe shona," akasema.

Nilikuwa fundi cherehani. Mashine yangu ilikaa kwenye baraza ya duka hilohilo, na yeye alikuwa na uwanja wake wa kutengeneza magari upande wa nyuma, kwa hivyo tulioana karibu bila mtu yeyote kuhama. Nyumba yetu ilikuwa Kanamkemer, pembeni mwa mji, chumba kimoja cha mabati ambacho mchana hakikaliki. Mimi nilizaliwa Katilu, kule mto Turkwel unakomwagilia mashamba, nikasomea Kitale kwa shangazi yangu, mahali ambapo mvua ikianza kunyesha alasiri watu hata hawainui macho. Lodwar niliipenda kwa ajili ya mtu mmoja tu. Joto lake sikuwahi kulizoea. Nilikuwa na hamu ya mvua kama mja mzito anavyokuwa na hamu ya udongo, na niliisema kila siku, kwa sauti, bila haya.

Yeye hamu yake ilikuwa injini. Alianza kama utingo kwenye malori, akajifunza kazi chini ya malori hayohayo, mgongo kwenye changarawe na mafuta yakimdondokea shingoni. Gari likipita barabarani aliweza kukuambia lina ugonjwa gani kabla halijatokea kwenye kona, na akishakuambia alinyamaza na kulifuata kwa masikio mpaka lipotee. Nilimwonea wivu huo usikivu. Mimi niliweza kumweleza jambo mara tatu asisikie hata moja.

Miaka ya tisini ikiwa bado michanga alikuja mkandarasi kutoka Nakuru kuziba mashimo ya lami kati ya Lodwar na Kakuma. Alikuwa mtu wa tumbo na kofia, mcheshi, na ujanani alikuwa akishindana na magari katika yale mashindano mafupi ambapo magari mawili yanasimama sambamba, yanaondoka kwa pamoja, na hujamaliza kuvuta pumzi mambo yamekwisha. Huko kwao alikuwa na gereji ya kuunda magari ya namna hiyo. Pikapu yake ilipovunjika springi aliileta kwa mume wangu, na akiwa anasubiri akasimulia: jinsi gari la kawaida la zamani linavyovuliwa nguo zote, jinsi injini inavyonolewa, jinsi dereva anavyobanwa na kiti kifua kikimwuma. Niliona spana ya mume wangu imesimama hewani. Sidhani alijua kwamba ameacha kazi.

"Fundi," mkandarasi akamwambia, "ukiunda kitu kipite hii pikapu yangu, mimi nakubeba Nakuru. Kazi iko, nyumba iko. Wewe na mama."

Alisema akicheka, lakini mume wangu hakuwa mtu wa kusikia maneno nusunusu. Aliweka spana chini, akamwuliza, "Ni ukweli?" Mkandarasi akaacha kucheka, akamtazama, akasema ni ukweli.

"Na mvua iko?" nikauliza kutoka kwenye cherehani yangu.

"Mama, Nakuru mvua sisi tunafukuza."

Basi tukaanza kuunda gari moja, kila mtu kwa njaa yake.

Ile pijo ilikuwa imekufa zamani nyuma ya duka. Kuku walitaga kwenye buti. Mwenye duka alifurahi mtu kumwondolea, akasema tu mayai ni yake. Mume wangu hakuwa na kitu cha kununulia vifaa vipya, na hata angekuwa nacho, Lodwar hakukuwa na pa kuvinunua. Alichokuwa nacho ni magari mengine yaliyokufa. Difu, zile gia za ekseli ya nyuma, aliitoa kwenye pikapu ya aina ileile iliyopinduka karibu na Kalokol, kwa sababu difu ya pikapu imefanywa kwa ajili ya mizigo, huvuta kwa haraka zaidi mwanzoni hata kama mbele huishiwa mbio. Kabureta alipata ya koo mbili, akaichemsha kwenye sufuria yangu ya githeri mpaka ikang'aa. Sufuria haikurudi kuwa sufuria.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kichwa cha injini. Kile kichwa kinapopunguzwa uso wake wa chini, injini hubana mafuta zaidi na kupiga kwa nguvu zaidi. Mijini kuna mashine za kukiparua. Sisi tulikuwa na kioo cha dirisha, kwa sababu kioo kimenyooka, na msasa. Tuliulaza msasa juu ya kioo, tukaumwagia mafuta taa kidogo, tukakishika kichwa kile huku na huku, yeye upande mmoja na mimi mwingine, tukawa tunakisukuma na kukivuta kwa duara, polepole, bila kukandamiza, alasiri baada ya alasiri, wiki nzima na kupita. Mikono yetu ilikuwa myeusi mpaka kiwiko. Tulikuwa tumetazamana, magoti karibu yagusane, na kwa kuwa kazi ile haikuwa na kelele aliongea. Aliongea kuliko alivyowahi kuongea. Alinieleza nyumba ya Nakuru tutakayopewa, na kwamba mtoto wetu, ambaye wakati huo alikuwa akitambaa na kula mchanga wa uwanja wote, atasoma shule yenye madirisha. Akanieleza atakavyosikia injini inayofanywa sawasawa, na vifaa vyake, bila kuombaomba kwa magari maiti. Nikiambiwa leo nirudishiwe siku zozote za maisha yangu nitaomba zile, na mafuta taa yake.

Mambo ya kuchomelea tuliyapeleka Kakuma. Mume wangu alikuwa na rafiki kule kambini, Msudani mrefu aliyekuwa na karakana karibu na kanisa lao la udongo, mwimbaji wa kwaya na fundi wa moto. Huyo ndiye aliyetengeneza ekzosi ya bomba moja kwa moja, na ndiye aliyesema kwamba gari lisilo na milango lazima liwe na mbavu. Alitafuta mabomba ya vitanda vya chuma, akayakunja, akayachomelea ndani kama kizimba.

"Hii umeongeza mbuzi tatu," mume wangu alilalamika.

"Ya ukhti," yule Msudani akaniambia mimi, dada yake, "ambia huyu, gari ikipinduka, mbuzi hakuna, yeye hakuna. Kalas, imekwisha."

Nikamwambia. Kwa kiti tuligombana pia, maana mume wangu alitaka kukalia ekicholong, kile kigoda kidogo cha mti ambacho wazee wa Kiturkana hutembea nacho na kukilalia kichwa, akifunge kwa bolti sakafuni. Alisema ni chepesi kuliko kuku. Nilimwambia nitakuwa mjane wa kwanza Turkana ambaye mumewe aliuawa na kigoda. Nikamshonea kiti cha turubai la lori, mishono mitatu kila upande, na mkanda wa kumfunga kifuani kutokana na kamba pana za kufungia mizigo. Cherehani ilivunja sindano nyingi, lakini kiti kile kilimshika kama mama anavyombeba mtoto.

Siku tuliyolijaribu kwa mara ya kwanza kwenye lami, gari lilipiga kelele iliyowaondoa kunguru wote Kanamkemer, na halikwenda popote. Magurudumu ya nyuma yalizunguka palepale. Tulikuwa tumelipunguza mno. Upepo wa kule huleta mchanga juu ya lami saa zote, na nyuma ya gari hapakubaki uzito wa kuyakandamiza matairi. Alipunguza upepo wa matairi, haikutosha. Aliweka magunia ya mchanga, yakateleza na moja likapasuka. Alikaa kwenye ukingo wa barabara, mikono juu ya kichwa, akawa anayataja majina ya vitu vyote tulivyotoa.

Nikapanda nyuma. Nikaketi sakafuni juu ya ekseli, nikashika bomba la kitanda kwa mikono miwili, nikamwambia aondoke. Gari liliruka kama limechapwa.

"Wewe ni mbuzi ngapi?" akaniuliza tuliposimama, akicheka mpaka machozi.

"Hiyo hutapima," nikamwambia.

Mkandarasi alikubali. Alisema sheria hazikatazi mke. Yeye mwenyewe alipakua kutoka kwenye pikapu yake zana zote, mitungi, hata gurudumu la akiba, asije akaaibishwa na sanduku la bati. Shindano likawekwa siku ya Jumapili baada ya ibada, kwenye kipande alichokuwa amekwisha kukitengeneza kabla ya kufika Kakuma, barabara imenyooka mpaka macho yanachoka, kutoka kalvati moja ya kupitisha maji ya mvua hadi nyingine. Vibarua wa barabara walikaa mwanzoni, juu ya kokoto. Yule Msudani alikwenda kusimama mwisho na shuka nyeupe, akiwa bado na suti ya kwaya. Kati yao hapakuwa na kitu isipokuwa vichaka vya miiba na joto likichezacheza juu ya lami.

Kabla ya kuingia kwenye kiti chake, mume wangu alilizunguka gari mara ya mwisho, na alipofika nyuma akautoa mtungi wa maji uliokuwa karibu yangu. Lazima nieleze huo mtungi. Kwenye ile barabara hakuna gari linalosafiri bila maji ya ziada, na si ya kupozea injini kwenye rejeta. Wachungaji wanakaa mbali na visima, na mwanamke anayehitaji maji husimama pembeni ya lami na mtungi wake wa plastiki ameushika mdomo chini, kuonyesha kwamba hauna kitu. Dereva anasimama, anamimina, wanasalimiana, anaondoka. Hakuna anayeshukuriwa sana. Kumpita ni jambo ambalo mume wangu alilisimulia kwa sauti ya chini, kama watu wanavyosimulia wizi, na kusimama halafu usitoe maji ni matusi zaidi kuliko kumpita. Aliushika ule mtungi kidogo, akaupima kwa mkono.

"Hii ni mtoto ya mbuzi tu," akasema, akaukabidhi kwa vibarua.

Tukaondoka. Sitasahau jinsi mgongo wake ulivyokuwa. Nilikuwa nyuma yake kabisa, na kwa kuwa gari halikuwa na milango wala vioo, dunia yote ilikuwa inaingia ndani kwa mara moja, moshi na mchanga na ngurumo ya lile bomba, lakini mimi nilikuwa natazama mgongo wake tu, shati limejaa upepo, mkono wa kulia ukibadilisha gia kwa ulaini ambao hakuwahi kuutumia kwa kitu kingine. Pikapu ilikuwa ubavuni mwetu. Kisha boneti yake ikarudi nyuma, kisha uso wa mkandarasi na kofia yake ukarudi nyuma, kisha nikawa siioni tena. Tulikuwa mbele. Niliona shuka nyeupe ya Msudani mbali kule, nikaona Nakuru, naapa niliiona, na mvua ikishuka juu ya mabati.

Mama mmoja alitoka kwenye kichaka upande wetu. Hakuwa na habari ya shindano lolote. Alisikia magari, akaja pembeni ya barabara jinsi mtu yeyote angekuja. Shanga shingoni mpaka kidevuni, mtoto mgongoni, mtungi wa njano mkononi. Mdomo chini.

Nilihisi mguu wa mume wangu ukiondoka kwenye mafuta. Hakufikiri. Nimelirudia jambo hili kichwani miaka mingi sana na nina hakika hakufikiri, ni mguu wake uliomwona yule mama. Gari likapunguza, breki zikashika, nikagonga bega kwenye bomba. Pikapu ikatupita na honi yake ndefu, na shuka nyeupe ikashuka kwa ajili ya mtu mwingine.

Akarudi kinyumenyume mpaka kwa yule mama.

"Ejok," akamsalimu.

"Ejok-noi," mama akajibu, bila haraka, akausogeza mtungi wake.

Ndipo akageuka kuchukua maji. Akanikuta mimi tu. Tulitazamana. Uso wake haukuwa wa mtu aliyeshindwa shindano. Hilo nadhani lilikuwa bado halijamfikia. Ulikuwa uso wa mtu aliyesimamisha gari mbele ya mama mwenye kiu, mikono mitupu. Alifungua mkanda niliomshonea, akatoka, akafungua boneti, akaenda chini ya gari kwa mgongo kama alivyofanya ujana wake wote, na kufungua koki ya rejeta. Hatukuwa tunaweka kitu humo ila maji ya mto Turkwel. Yalitoka ya moto, rangi ya chai ya rangi, na yule mama akachuchumaa na kuyakinga, mtoto akichungulia juu ya bega lake. Alingoja mpaka tone la mwisho. Akayanusa. Akasema kwa Kiturkana kwamba yakipoa mbuzi watakunywa na yeye atayachuja, akasema "alakara," yaani asante, akajitwika na kurudi kwenye miiba.

Mkandarasi alikuwa amegeuza na kuja. Aliliona lile dimbwi dogo chini ya pijo, akaelewa yote, akacheka akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Kisha akatoka, akamwekea mume wangu mkono begani, na hakuwa anacheka tena.

"Fundi, umenipita," akasema. "Hiyo siwezi kukataa. Hiyo gari ni moto. Lakini kazi yangu nataka mtu hawezi kuona kando ya barabara. Wewe unaona. Mimi nitakufanyia nini?"

"Hakuna," mume wangu akasema.

Alituvuta kwa kamba mpaka Kakuma. Injini haikuweza kuwashwa kavu. Mume wangu alishika usukani na mimi niliketi palepale sakafuni, juu ya ekseli, ingawa sasa uzito wangu haukuhitajika na mtu. Nilikuwa nalia, na sikuwa nalia kimya.

"Mama toto, unalilia gari?"

"Nalilia mvua," nikamwambia. "Na yule mama hata hakujui."

Aliitazama kamba ikilegea na kukazika mbele yetu.

"Alikuwa amesimama," akasema.

Ni hayo tu. Niliyangoja maneno mengine, siku ile na miaka iliyofuata, lakini hakuwa na mengine. Alitaka kwenda kuliko mimi, hilo nalijua, nilikaa naye juu ya kile kioo nikamsikia. Difu aliirudisha kwenye gari la mtu, kabureta ikaenda kwa mwingine, na pijo ikaanza tena kutaga mayai nyuma ya duka. Alitengeneza malori ya chakula cha kambi, Lodwar na Kakuma, Kakuma na Lodwar, mpaka homa ilipomshika na kumchukua kwa wiki moja, mtoto wetu akiwa bado hajaanza shule.

Nakuru nimefika. Nilikuja kwa basi, mzee tayari, kwa binti yangu anayefanya kazi huku. Ninaishi kwenye nyumba yenye madirisha na bomba ndani, na mvua inanyesha hadi nguo zinaota ukungu kambani. Sina ninachodai. Asubuhi huenda sokoni kwa miguu, na lazima nivuke barabara kuu, mahali ambapo hapana pa kuvukia. Huwa nasimama pale pembeni na kikapu changu, na badala ya kuangalia nafasi ya kupita najikuta nawaangalia madereva usoni, mmoja mmoja, nikimtafuta mtu ambaye najua kaburi lake lilipo. Wananipita macho mbele, wote madereva wazuri.